Mji Ulioota Mlango

Jua lilikuwa limekwama. Hakuna aliyeshangaa tena, maana hata watu wazima wa mji ule hawakukumbuka kuliona likitembea. Lilisimama pale pale, kwenye kimo cha asubuhi iliyokwisha kukua, wakati ule ambao chai imeshanywewa na mchele wa mchana bado haujachambuliwa. Lilimulika kila kitu sawasawa, ukuta na paka, kisima na kaburi, bila huruma na bila hasira. Vivuli vya watu vilikuwa vifupi na vilishaota mizizi. Mtu akitaka kuhama nyumba ilibidi aje na jembe, aking'oe kivuli chake kwanza, akibebe begani kama mche wa mgomba.

Sasa mji usio na usiku unalala vipi? Ndiyo hivyo, ulilala kwa kuazima. Kabla haujajua kuazima ulihangaika sana. Kinyozi alilala wima na mkasi mkononi, na nusu ya wanaume wa mtaa wake walitembea na kichwa kilichonyolewa upande mmoja wakingoja aamke amalizie. Wanawake walitia chumvi kwenye chai, wakainywa, wakasema tamu. Watoto walizaliwa macho wazi na kukua macho wazi, na wakiulizwa ndoto ni nini walijibu ni kitu cha kuliwa.

Giza la mji lilitoka kwa mtu mmoja tu, mshairi Faki, na lilipita mikononi mwa dada yake, Mize.

Ilikuwa hivi. Faki alipotunga, maneno yake hayakuishia hewani kama ya watu wengine. Yalitoka mdomoni yakining'inia, meusi, membamba, marefu kama ukindu uliochanwa, yakamwangukia mapajani. Mize aliyaokota yakiwa bado na joto, akayalowesha, akayasuka kanda ndefu za ukili, kisha akazishona kili zile kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka. Mkeka ule ukiutundika dirishani, chumba kinaingia giza la ubaridi, kama ubaridi wa mchanga chini ya mtungi, na mwenye nyumba hata kanga hajajifunika vizuri, keshakoroma.

Beti zake zilijulikana kwa rangi kabla ya kujulikana kwa maana. Huu uliotundikwa kwa kinyozi ulikuwa mweusi kuliko zote:

*Nimebeba neno zito, la kinywani halitoki,*
*Tangu enzi za utoto, halisemwi halifiki,*
*Lachoma mithili moto, lazimwa halizimiki,*
*Mlango ulishafungwa, na mimi bado nabisha.*

Kulikuwa na jambo moja ambalo watu hawakupenda kulizungumza. Waliolala chini ya mikeka ile waliota ndoto moja, wote. Mlango wa mbao umefungwa. Una pete ya shaba. Mkono mdogo unabisha. Basi, hakuna kingine. Walipoamka walikwepana macho, kama watu waliokutana njia ya chooni, kila mmoja akijua mwenzake katoka wapi.

Na mji ulikuwa na amri: Faki hasalimiwi.

Amri ile ilikuwa na chanzo chake. Mgeni mmoja, muuza mabakuli, alipita barazani akamwambia, "Hujambo, kaka?" Kwa moyo mweupe tu, kama mtu anavyomwambia mtu. Faki akababaika. Nusura acheke. Ukindu uliotoka siku hiyo ulikuwa wa kijivu kama majivu ya kuni, na nyumba iliyoupata mkeka wake haikulala hata kidogo. Mume na mke waligombana juu ya kifuniko cha sufuria mpaka wakaachana. Ndipo Mkadamu, msimamizi wa vivuli vya mji, akapiga marufuku. Watu wakafundishwa kupita mbele ya nyumba ile wakitazama vidole vyao vya miguu. Walimpenda Faki, msidhani hawakumpenda. Walimletea uji, walimletea samli, walimwekea mlangoni na kukimbia. Walichokiogopa ni kupona kwake.

Mize peke yake ndiye aliyejua giza lile lilianzia wapi.

Siku ile, jua likiwa ndiyo kwanza limefika hapo lilipo sasa, mama yao aliamka na upande mmoja wa mwili hausikii na ulimi umemlala. Mize, msichana wakati huo, alimlaza kichwa mapajani mwake. Hakuweza kuinuka. Akamwambia mdogo wake, "Kimbia kwa Bi Sichana. Mwambie mama anaumwa, aje." Bi Sichana alikuwa jirani wa mtaa wa pili, msuka mikeka na mjuzi wa kukanda wagonjwa, na alikuwa na punda wa kubebea watu.

Faki alikimbia. Lakini Faki alikuwa mtoto aliyefundwa, na aliyemfunda ni mama huyo huyo. Ukifika kwa watu usiropoke haja yako kama mtu anayefukuzwa. Salimia kwanza. Ukiulizwa hujambo, sijambo. Ukiulizwa nyumbani hawajambo, hawajambo, hata kama nyumba inaungua, la kuungua litakuja baadaye, nyuma ya salamu, litatanguliwa na "ila." Hawajambo, ila nyumba inaungua. Ndivyo walivyoishi watu wa mji ule. Hakuna aliyeanza na baya.

Bi Sichana alifungua mlango, mikono imelowa rangi, nyuma yake chungu cha kuchemshia ukindu kinatokota.

Shikamoo, Bi Sichana. Marahaba, mwanangu, hujambo? Sijambo. Dada hajambo? Hajambo. Na mama naye, hajambo? Hajambo.

Na "ila" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ila chungu kikafoka, rangi ikamwagikia moto, Bi Sichana akaruka. "Haya, msalimie mama," akasema, akausukuma mlango kwa kisigino ili moshi usipulizwe na upepo. Faki alibisha. Alibisha kwa adabu, polepole, kama alivyofunzwa. Chungu kilikuwa kinapiga kelele, hakuna aliyesikia. Basi akarudi nyumbani, akasimama mbele ya kitanda, akasema lile alilotumwa kusema, "Mama, Bi Sichana anakusalimu." Mize alikuwa ameshamfumba mama macho.

Tangu hapo jua halijasogea. Watu walisema ni hali ya hewa.

*

Mkadamu alikuja na viatu mkononi, kama aingiavyo mtu kwa mgonjwa. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti laini na macho mekundu. Mkeka mzuri kuliko yote ulikuwa kwake, lakini majirani zake walisema hautundiki.

"Karibu, Mkadamu," alisema Mize. "Hamjambo kwenu?"

"Hatujambo, hatujambo." Alilitupa jibu kama mtu anayetema mbegu. "Mize, nina neno. Watu wamechoka na vikeka vya dirishani. Huyu ana giza, huyu hana, wanaibiana. Nataka jamvi moja. Jamvi la kufunika mji mzima, paa hadi paa. Tulale sote kwa pamoja."

Mize alicheka kicheko cha puani. "Na ukindu wake uote wapi? Mtazame."

Mkadamu hakumtazama. Hakuna aliyekuwa akimtazama Faki sana, maana hapakuwa na kingi cha kutazama. Kila ubeti ulimpunguza. Alikaa pembeni juu ya kigoda, magoti yamekutana, na mwanga wa lile jua ulimpita kama unavyopita kwenye chandarua. Mize aliweza kuona birika lililokuwa nyuma ya kifua chake.

"Zimo beti nyingine," alisema Mkadamu. "Za chini kabisa. Hizo bado hajazitoa."

"Zikitoka hizo, atabaki nani?"

"Litabaki jamvi," alisema Mkadamu kwa upole, na ubaya wa neno lile ulikuwa kwenye upole wake. "Na jina lake litakuwa juu ya kila kichwa. Mshairi gani amewahi kupata hilo?"

Kutoka pembeni Faki akasema, "Waache, Da Mize. Mtu kulaliwa na mji mzima, si haba."

Ulikuwa utani. Alikuwa hajafanya utani siku nyingi, na Mize alishindwa kujua acheke au amfunike shuka.

*

Kazi ikaanza. Faki aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na zile za chini kabisa zikaanza kupanda. Hazikuwa na vina. Zilitoka vipande vipande:

"Naanzia wapi. Naanzia palipofungwa. Mbao ina harufu ya mbao. Rangi inachemka, nasikia inavyosema, pwe, pwe, pwe. Nilikuwa na neno. Neno dogo, halijazi kiganja. Nani kasema mtoto mwenye adabu anakua? Hakui. Anaota ndevu pale pale mlangoni. Nimebisha kwa kidole, nimebisha kwa ubeti. Wamenisifu nabisha vizuri. Wamekuja na viti kunisikiliza navyobisha. Jamani, hakuna hata mmoja wenu mwenye mkono wa kufungua?"

Na kila neno lilikuwa jeusi kiasi kwamba Mize alilishika kwa kupapasa. Jamvi lilijaa chumba, likatoka mlangoni, likapita uani, likaanza kupanda kuta za majirani. Alisuka. Mikono yake ilijua kazi kuliko yeye, na hapo ndipo alipojikuta akiwaza mambo ambayo si ya kuwazwa na mtu mwenye shazia mkononi. Kwamba ukindu huu, jamani, ni mzuri. Kwamba hajapata kusuka kitu kinachonyooka hivi. Kwamba mtu akimsifu msukaji anausifu na msiba uliosukwa, na yeye msukaji amezizoea sifa zile, amezila kama mkate. Je, anampenda ndugu yake au anaupenda weusi wake? Na hawa wanaolala, anayelala ndani ya giza la mwenzake anaamka na nini chake mwenyewe? Mji mzima umeota ndoto moja kwa miaka isiyohesabika. Lazima kila mtu alikuwa na ndoto yake, iko wapi? Imelala wapi hiyo, na chini ya giza la nani? Labda watu hawakuazima giza kwa sababu hawana. Labda walikuwa nalo, wakaona la Faki limeshasukwa tayari, limeshonwa pindo, wakaona taabu ya nini kulifungua la kwao.

Akainua macho. Miguu ya Faki haikuwepo tena. Kigoda kilikuwepo, magoti yalikuwepo, chini ya magoti ni sakafu.

Hapo mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Hodi humu wenye mikeka mibovu!"

Alikuwa Bi Sichana. Katika mji wenye jua lililokwama umri ulikuwa kama nguo, mtu aliamka akavaa wowote ulio karibu. Siku ile Bi Sichana alivaa uzee wake wote, mgongo umepinda, meno mawili ya mbele yamebaki kama walinzi.

"Karibu, Bi Sichana. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Usinijibu, nina haraka, nimeacha moto. Mkeka wako una kasoro."

"Kasoro gani tena?"

"Nimeulizia mtaa mzima. Kinyozi anaota mlango kwa nje. Yule mwanamke wa vitumbua, kwa nje. Hata chizi wa kisimani anaota kwa nje. Mie peke yangu naota niko ndani! Nimeinamia chungu, nakoroga, mlango unabishwa, na mie nasema ngoja, ngoja kwanza. Nikiamka mkono unaniuma kwa kukoroga. Sasa huo ni usingizi, Mize, au ni kibarua?"

Shazia ilisimama katikati ya ukili.

"Na huyo anayebisha humfungulii?"

"Nimfungulie vipi na chungu kinafoka? Rangi ikimwagika ndiyo imekwenda."

"Unamjua ni nani?"

"Mkono wa mtoto. Mtoto mwenye adabu, anabisha polepole, si hawa wa leo wanaoupiga mlango mateke kama wanaidai nyumba." Akaelekeza fimbo pembeni, bila kutazama sawasawa, kwa ile amri. "Kama huyu wako alivyokuwa. Nilimsifu mji mzima, wallahi. Kaja peke yake, mdogo hivi, kanisalimia salamu nzima hakuruka hata moja, kaondoka zake. Nikasema, mwanamke yule kalea."

Pembeni, ukindu uliokuwa ukitoka kinywani mwa Faki ukakatika.

Mize angeweza kulisema yeye. Kwake neno lile lilikuwa jepesi, alikuwa nalo tangu siku ile. Bi Sichana, alikuja kukuita. Maneno machache tu, mzee angepiga kifua, wangelia, yangekwisha. Lakini Mize alijua hayangekwisha. Likisemwa na mtu mwingine litakuwa habari tu, moja ya habari, na Faki atabaki mlangoni kwa nje na kidole chake kimekunjwa. Mwenye neno ni mmoja. Na mwenye mlango ni mmoja, na yupo hai, na ana haraka.

"Bi Sichana," alisema, "rudi nyumbani. Chungu kiache hapo hapo motoni. Nakuletea mgeni."

"Mgeni gani?"

"Utamsalimia mwenyewe."

Bi Sichana akaelewa. "Ala! Unataka Mkadamu anifukue kivuli, uzee huu?"

"Ukimsalimia, usifunge mlango. Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Wewe ngoja tu, mama yangu. Hata chungu kikifoka."

Mzee akatoka bila kuaga, na Mize hakujua anakwenda kufungua au anakwenda kujificha.

*

Alipomshika Faki mkono ilikuwa kama kushika mvuke wa wali. "Inuka," alimwambia.

"Miguu sina."

"Iko huko mbele. Twende tukaifuate."

Walitoka. Njiani watu waliwaona na kugeukia ukutani, kila mmoja akiogopa salamu isimchomoke yenyewe. Yule wa vitumbua aliuma upindo wa kanga. Kinyozi alijitia kutafuta kitu ndani ya kiatu. Na Faki, kila walipopita pembe moja, alibadilika. Ndevu zilimdondoka kwanza, zikapeperuka kama manyoya ya kuku aliyechinjwa. Miguu ikamrudi, lakini haikuwa ya mwanamume, ilikuwa ya mtoto, peku, ina vumbi. Kimo kikashuka. Kiganja kilichokuwa mvuke kikajaa ndani ya mkono wa Mize, kidogo, cha moto, kimelowa jasho la mtu aliyekuwa akikimbia. Mize naye akajihisi amebadilika ila hakujua kawa nani, dada au mama. Mapaja yalimwuma, kama mtu aliyekalia uzito wa kichwa cha mwenzake muda mrefu.

Kwenye njia panda Mkadamu alikuwa amesimama.

"Mize. Jamvi limebaki kipande. Mrudishe ndani."

"Nampeleka kwa watu akasalimie."

"Na akipona?"

"Akipona kapona."

"Unatuulia usingizi!" Sauti laini ilikuwa imemwacha. "Mji mzima usilale kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mji mzima umelala kwa ajili ya mtu mmoja, Mkadamu. Miaka yote."

"Sisi ni wengi."

"Ndiyo. Mngeweza kugawana."

Mkadamu alifungua mdomo. Neno lilimfika kwenye meno, akalirudisha. Aliyaona macho ya yule mtoto yakimtazama kutoka chini, bila chuki, kama mtoto amtazamavyo mtu mzima akitumaini pengine atampisha. Akapisha. Mwenyewe hakujua kwa nini, na alisimama pale njia panda kama mtu aliyesahau alichokuwa ametumwa.

Mlango ulikuwa ule ule. Mbao, pete ya shaba, chini ya kizingiti doa jeusi la rangi ya zamani. Mize aliuachia ule mkono mdogo akarudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu siku ile yeye hakuwepo.

Faki akabisha. Polepole.

Ndani palikuwa na sauti, pwe, pwe, pwe. Mlango ukafunguka, na Bi Sichana aliyesimama pale hakuwa mzee. Mgongo umenyooka, mikono imelowa rangi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Dada hajambo?"

"Hajambo."

Povu lilikuwa linapanda. Mize aliliona kutoka alipo, jeusi, linavimba mdomoni mwa chungu.

"Na mama naye," alisema Bi Sichana, "hajambo?"

"Hajambo."

Chungu kikafoka. Rangi ikamiminikia moto kwa kishindo, moshi ukajaa chumba, na Bi Sichana akageuza kichwa. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango. Kisigino kilikuwa kimeshainuka. "Haya," akasema, "msali..."

Akanyamaza.

Rangi ilimwagika. Kazi nzima ilitiririka sakafuni, ikapita kati ya vidole vya miguu yake, ikatoka nje kizingitini. Moto ulilia, ukapunguza kulia, ukazimika. Bi Sichana hakuugeukia tena. Alichuchumaa taratibu mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akaiweka mikono yake myeusi juu ya magoti, na akangoja. Hakusema "sema." Hakusema "una nini." Alingoja kama mtu anayengoja maji yatulie kisimani aone chini.

Watu mtaani waligeuka kutoka kwenye kuta zao.

"Ila," alisema Faki.

Sauti ilikatika. Bi Sichana akangoja.

"Ila mama anaumwa. Da Mize kasema uje."

"Ewe mwanangu." Alimshika mashavu, na mashavu yakabaki na alama za vidole vyeusi. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa bado sijamaliza salamu."

Bi Sichana akainuka, akaokota kanga yake msumarini, akajitanda, hata mlango hakuufunga. "Twende," akasema. "Twende haraka."

Na walikwenda, watatu, nusu mbio, kama kwamba kuna mtu wa kuwahi. Hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa wamechelewa. Walipofika njia panda Mize aliona jambo akadhani ni macho yake: kivuli chake, kile kifupi chenye mizizi, kilikuwa kimetoka chini ya nyayo na kinamfuata. Kilirefuka. Walipoingia uani kilikuwa kimewatangulia mlangoni.

Kitanda cha mama kilikuwa kitupu, kama kilivyokuwa siku zote. Juu yake na kandokando yake lilikuwa limetanda jamvi. Bi Sichana alisimama akikitazama, uzee wake ukimrudia mgongoni polepole, kisha akakaa chini akalia, kilio kipya kabisa, kilio cha mtu aliyefika leo msibani. Mwanamke wa vitumbua akaingia akakaa naye. Kinyozi akaingia akasimama na wanaume uani. Walikuja wote, mmoja mmoja, wakimpa Faki salamu walizokatazwa. "Pole, kaka." "Pole, mwanangu." Na Faki alijibu kila mmoja, "Nimeshapoa." Kila alipojibu alijaa kidogo, mabega, kidevu, mpaka birika likafichika nyuma ya kifua chake.

Na jamvi lilikuwa linapauka. Weusi ulitoka ndani yake kama unavyotoka mchuzi kitambaani, ukindu ukawa ukindu tu, rangi ya majani makavu. Kwa nje, upande ambao hakuna aliyewahi kuutazama, mbingu ilikuwa nyekundu. Watoto walipiga kelele kwamba kuna kitu kinaungua. Watu wazima wakawaambia hapana, ingawa na wao hawakuwa na hakika.

*

Jioni ile ya kwanza watu walikaa barazani hawajui wafanye nini na mikono yao. Giza lilikuja bila kusukwa. Halikuwa na pindo. Liliingia kila nyumba kivyake, na kila mmoja alianza kuhisi ndani yake kitu kikijigeuza, kitu chake, kilicholala muda mrefu chini ya mkeka wa mwingine.

"Utatunga tena?" Mize alimwuliza ndugu yake.

"Sijui, Da Mize." Alikuwa amekaa kizingitini, miguu yake miwili mikubwa ya mwanamume imenyooshwa nje, anaichezesha vidole kama mtu aliyenunua viatu vipya. "Niache kwanza nione giza la wenzangu linafananaje."

Mkadamu alitokea gizani amebeba mkeka wake, ule mzuri kuliko yote, umeviringishwa, umepauka. Hakuingia.

"Mikeka imekufa," alisema. "Sasa watu watalalaje?"

"Karibu, Mkadamu," alisema Faki. "Hamjambo kwenu?"

"Hatujambo, hatujambo." Alikwisha kugeuka.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Faki alisogea tu kizingitini, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mkadamu alisimama mguu mmoja njiani, mkeka kwapani, mgongo umewageukia. Alisimama hivyo mpaka majirani waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Kisha akarudi, akaketi pale palipoachwa, mkeka akaulaza mapajani.

Ndani Mize hakuwasha taa. Mikono yake kwa mazoea ilikuwa imeshajikunjua, viganja juu, kama ya mtu anayengoja kupokea. Akaitazama, akaikunja.

Hakuna aliyeharakisha. Nje, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa laini wala haikuwa ya amri, sauti ambayo hakuna mtu wa mji ule aliyepata kuisikia, Mkadamu alisema, "Ila."

Na Faki akangoja.